Banda jipya linajengwa, kuku walale wapi?

Mamba Myamba hakuna uwanja wa ziada. Huku Pare Kusini, juu ya barabara inayotoka Same ikipita Kisiwani na Maore kwenda Ndungu, nyumba nyingi zimejengwa kwenye vipande vya ardhi vilivyosawazishwa kwa jembe na sururu ubavuni mwa mlima. Nyuma ya nyumba kuna ukingo wa udongo. Mbele kuna migomba na tangawizi zinazoteremka hadi kwa jirani wa chini. Katikati pamebaki sehemu moja tambarare, na hapo nyumba, jiko la nje, choo na banda la kuku vyote vinagombea nafasi.

Ndiyo maana banda likichakaa, mwenye nyumba hawezi kujenga jipya pembeni huku la zamani likiendelea kutumika. Inabidi avunje hapo hapo na ajenge hapo hapo. Fundi ataahidi siku tatu, kisha mvua inyeshe, bati lichelewe kupanda kutoka Same, misumari iishe, na siku tatu ziwe wiki mbili. Muda wote huo kuku hawana pa kulala.

Wengi huziona hizo kuwa siku za kupita tu. Kuku watalala jikoni, watapanda mparachichi, au watapelekwa kwa jirani hadi kazi iishe. Kumbe hizo ndizo siku ambazo kundi zima linaweza kupotea. Makazi ya muda yanapaswa kujengwa kwanza, kabla ubao mmoja wa banda la zamani haujang'olewa. Naye jirani, tegemeo la kila kaya milimani, asaidie kwa kuja na mikono yake. Kuku wabaki nyumbani kwao.

Akiba ya mama

Katika kaya nyingi za vijijini Tanzania, ng'ombe na mbuzi huhesabiwa kuwa wa baba, kuku ni wa mama na watoto. Hakuna kikao kinachoitishwa ili jogoo auzwe. Mtoto akihitaji daftari, mgonjwa akihitaji nauli ya kwenda hospitali, au mgeni akibisha hodi jioni, mama huangalia uani na jibu lipo.

Mamba jambo hili lina uzito wa pekee. Tangawizi ndiyo iliyoipa Mamba Myamba jina, hadi kikajengwa kiwanda cha kuisindika huko huko mlimani. Lakini tangawizi hukaa shambani miezi minane hadi kumi kabla haijachimbwa, na bei yake haimsubiri mkulima. Katika miezi hiyo ya kungoja, anayeziba pengo ni kuku.

Mtetea wa kienyeji hutaga kwa mizunguko, kwa kawaida mitatu kwa mwaka, na kila mzunguko huwa na mayai 12 hadi 15. Kwa hiyo kicheche akibeba mtetea mmoja usiku mmoja, kaya imepoteza mayai 36 hadi 45 ya mwaka huo pamoja na vifaranga ambavyo vingetoka humo. Kifaranga wa kuchukua nafasi yake atahitaji nusu mwaka au zaidi kabla hajataga yai la kwanza. Hasara ya usiku mmoja hulipwa kwa miezi.

Machweo ya kwanza bila banda

Anayetaka kujua banda ni nini kwa kuku, na awatazame jioni ya siku lilipovunjwa. Jua linapozama nyuma ya mlima, kuku huanza kurudi kutoka migombani mmoja mmoja, kwa njia ile ile waliyoizoea. Mtetea mzee hutangulia. Akifika pale mlango ulipokuwa, husimama na kunyanyua mguu mmoja. Huangalia kwa jicho la kulia, kisha la kushoto. Huzunguka rundo la mabanzi yaliyong'olewa, halafu hurudi kusimama pale pale. Wenzake humfuata, na kwa dakika kadhaa kundi zima hukusanyika mbele ya mlango ambao haupo, likilia kwa sauti ya chini.

Giza likikaribia, kila mmoja hupanda popote anapoweza: juu ya mbao, kwenye tawi, kwenye ukuta wa jiko. Kuku haoni vizuri gizani, na akishatua hawezi kujitetea. Kicheche, paka pori na fungo wanalijua hilo. Mchana kuna mwewe na nguchiro kwa vifaranga. Katika majira ya mvua kuna adui ambaye wafugaji wa milimani wanamwogopa kuliko wote, siafu. Kundi la siafu likimkuta kuku aliyefungiwa kwenye tenga au aliyefungwa kamba mguuni, asubuhi mwenye kuku hukuta manyoya.

Kuwalaza jikoni kunawaepusha na kicheche, lakini kuna gharama yake. Kinyesi cha kuku hubeba vimelea kama Salmonella na Campylobacter, vinavyowaharisha watu, hasa watoto wadogo wanaotambaa na kutia kila kitu mdomoni. Moshi wa kuni nao huwaumiza kuku vifua. Ghala la mahindi halifai pia, kwa sababu kinyesi na unyevu vitaharibu chakula cha familia. Na tenga ni la kusafirishia. Kuku akikaa humo siku kadhaa, kinyesi humganda miguuni, hanyooshi bawa, na joto la wenzake humchosha.

Kuku mgeni na kamba yake

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wafugaji wameifuata methali hiyo kwa vitendo: kuku akipelekwa kwa jirani, hufungwa kamba ili asirudi kwao. Kamba hiyo humkata ngozi, humnasa kwenye vijiti, na humzuia kukimbia hatari. Lakini tatizo kubwa la kuku mgeni hata halionekani kwa macho.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ndio ugonjwa unaoteketeza kuku wa kienyeji kuliko mwingine wowote nchini. Virusi vyake hutoka kwa kinyesi na kwa majimaji ya mdomo na pua. Kuku aliyeambukizwa huweza kukaa siku tano au sita, na wakati mwingine hadi wiki mbili, kabla hajaonyesha dalili. Ina maana kuku wa jirani wanaweza kuonekana wazima kabisa siku unapowapeleka wako, na wako wakaonekana wazima siku unapowarudisha. Siku chache baadaye wanaanza kuzubaa, kuhara kijani, kupinda shingo, na kufa mmoja baada ya mwingine. Kwa kundi lisilochanjwa, anaweza asibaki hata mmoja. Nyumba mbili zilizosaidiana kwa nia njema zinabaki bila kuku, na mara nyingi bila kusemezana.

Kinga ipo, nayo ni rahisi. Chanjo ya I-2 inatokana na kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya kuku wa vijijini, kwa sababu inastahimili joto kuliko chanjo nyingi za mdondo. Tanzania inaizalisha yenyewe Kibaha, kwenye kituo cha chanjo kilicho chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari. Kuku hutiwa tone moja kwenye jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja hutosha kuku wengi, na ikishachanganywa haiwekwi hadi wiki ijayo. Kwa hiyo ni busara majirani wachange, wamwite afisa mifugo wa kata, wachanje siku moja. Hapo ndipo ujirani unapowasaidia kuku kweli.

Mwenye mpango wa kuvunja banda achanje angalau wiki mbili kabla, ili mwili wa kuku upate muda wa kujenga kinga. Kuhamishwa humpa kuku hofu, na hofu hupunguza nguvu ya mwili ya kupambana na ugonjwa. Kuchanja siku ile ile ya kuhamisha ni kumtwisha kuku mizigo miwili.

Tundu la muda linavyojengwa

Wazee wa Upare waliotunza ndiva, yaani mabwawa ya maji ya umwagiliaji, na mifereji yake walijua kwamba mfereji haukarabatiwi maji yakiwa ndani. Kwanza maji huelekezwa upande mwingine, ndipo ukuta uliobomoka uguswe. Kuku nao wahamishwe kwanza, ndipo nyundo ianze kazi.

Chukua kaya yenye mitetea 12 na jogoo mmoja. Kwa makadirio ya kuku watano kwa mita ya mraba, kundi hilo linahitaji karibu mita tatu za mraba. Tundu lenye urefu wa mita mbili na upana wa mita moja na nusu linatosha. Kila kuku anahitaji kama sentimita 20 za fito ya kulalia, kwa hiyo wote 13 wanahitaji mita 2.6. Fito mbili zikipita upana wa tundu, kila moja mita moja na nusu, zinawatosha na nafasi inabaki. Kiota kimoja kwa kila mitetea minne au mitano ni wastani mzuri. Maboksi matatu yaliyowekwa majani makavu yanamaliza kazi.

Vifaa havihitaji safari ya mjini. Mabanzi kutoka kwa wapasua mbao, fito za mgrivea au mkaratusi, kipande cha wavu wa kuku, na mabati mawili matatu ambayo baadaye yatapandishwa kwenye banda jipya. Tundu lijengwe juu ya miguu, lisikae chini. Faida za miguu milimani ni mbili. Kwanza, mteremko haukusumbui: miguu ya upande wa chini huwa mirefu, ya upande wa juu mifupi, na sakafu inakaa sawa bila kuchimba popote. Pili, kila mguu huweza kusimamishwa ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo, na siafu hawapandi. Majivu kuzunguka makopo huongeza ulinzi, lakini yakinyeshewa yawekwe upya.

Sakafu iwe ya fito zilizobanana kiasi cha kinyesi kupita na mguu wa kuku usizame. Pande tatu zizibwe kwa mabanzi, kwa sababu ukungu na upepo wa Juni hadi Agosti huku juu si wa kupuuza. Upande wa nne uwe na wavu. Chini ya bati paachwe upenyo wa shubiri moja kuzunguka tundu lote ili hewa itembee. Kipimo chake ni rahisi: asubuhi, kabla ya kufungua mlango, inama hadi usawa wa vichwa vya kuku na uvute pumzi. Macho yakiwasha kwa harufu kali ya mkojo, kuku wamelala kwenye hewa hiyo usiku kucha, na upenyo unahitaji kuongezwa.

Uwahamishe usiku, wakiwa wamelala, kwa kumbeba kila mmoja kifuani badala ya kumning'iniza miguu juu. Uwaweke kwenye fito, si sakafuni. Jogoo aende nao. Mtetea anayeatamia asiguswe ikiwezekana. Mayai huchukua siku 21 kuanguliwa, kwa hiyo panga siku ya kuvunja baada ya vifaranga kutoka. Ikishindikana, abebwe usiku pamoja na kiota chake na mayai yake yote, awekwe kwenye kona yenye giza, na mlango wake uzibwe kwa gunia hadi atulie.

Gharama isiyohesabiwa

Kuku wa kienyeji hujitafutia. Hupekua migomba, hula kumbikumbi, mbegu, mchunga na masalia ya makande. Mwenye nyumba huwarushia konzi moja ya mahindi na kuona wameshiba. Siku anapowafungia, kazi yote hiyo inageuka kuwa yake.

Kuku mmoja mkubwa aliyefungiwa anahitaji gramu 100 hadi 120 za chakula kwa siku. Kuku 13 ni kilo 1.3 hadi 1.6 kwa siku, na kwa siku kumi ni kilo 13 hadi 16. Pumba na mahindi yaliyovunjwa peke yake hayatoshi. Waongezewe mashudu ya alizeti au dagaa, pamoja na maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa ili mayai yasipate ganda laini. Maji yasipungue lita nne kwa siku kwa kundi hilo, na chombo kioshwe kila asubuhi.

Kufungiwa pia kunawachosha akili. Uingereza ilijifunza hilo kwa upana wakati wa mafua makali ya ndege. Kuanzia tarehe 7 Novemba 2022 hadi tarehe 18 Aprili 2023, wafugaji wote wa England, hata mwenye kuku wawili uani, waliamriwa kuwafungia ndani. Wataalamu waliwahimiza wawape kuku kazi ya kufanya, kwa sababu kuku wasio na shughuli hudonoana hadi kutoana damu. Mamba dawa yake iko mlangoni: fungu la mchicha au kabichi lililoning'inizwa kwa kamba juu kidogo ya kichwa cha kuku, na beseni la udongo mkavu uliochanganywa na majivu ili waoge vumbi. Kuku anayerukia mboga na kujifukia vumbini hana muda wa kumdonoa mwenzake.

Hata wakitunzwa vizuri, baadhi watapunguza kutaga au kuacha kabisa kwa wiki chache. Hilo ni la kawaida, na mwenye kuku asikimbilie kuwachinja akidhani wamezeeka.

Kubomoa ni kazi ya afya

Banda la zamani halibomolewi kama kibanda cha kawaida. Ndani ya nyufa za mabanzi hujificha utitiri na papasi. Mchana hawaonekani. Usiku hutoka, hunyonya damu ya kuku, kisha hurudi kwenye nyufa. Wanaweza kukaa miezi mingi bila kula, wakisubiri. Mtu anayechukua banzi la zamani na kulipigilia kwenye banda jipya ili kupunguza gharama amewahamisha wadudu kwenda nyumba mpya. Mbao zenye nyufa zichomwe. Mabati yaoshwe na kuanikwa juani, yatumike tena.

Misumari na vipande vya waya viokotwe vyote. Kuku hudonoa kinachong'aa, na firigisi yenye nguvu ya kusaga punje za mahindi hujibana dhidi ya ncha ya msumari hadi itobolewe. Wengi wanaochinja kuku wamewahi kukuta kipande cha waya kimepinda humo ndani. Sumaku ya spika mbovu ikiburutwa kwenye udongo huokota vile ambavyo jicho limeviacha.

Kinyesi kilichorundikana ni mali. Kichanganywe na majani makavu, kifunikwe, kigeuzwe mara kwa mara na kiachwe kioze miezi miwili au mitatu kabla ya kwenda kwenye migomba au tangawizi. Kikiwekwa kibichi, huunguza mizizi.

Halafu kuna ukingo. Wakati wa kujenga upya, kila mtu hutamani kupanua uwanja kidogo kwa kuchimba udongo wa nyuma. Milima hii ina kumbukumbu nzito kuhusu udongo unaoporomoka. Novemba 2009, mvua kubwa ilisababisha maporomoko ya udongo Goha, Mamba Myamba, na watu wasiopungua 20 walipoteza maisha. Banda la kuku haliwezi kuleta maafa ya ukubwa huo, lakini ukingo uliochimbwa wima bila mtaro wa kukinga maji juu yake ni hatari kwa nyumba iliyo chini. Banda lilingane na uwanja uliopo, na maji ya bati yaelekezwe kwenye mtaro au pipa. Msimu wa kujenga nao uchaguliwe: Januari na Februari, kati ya vuli na masika, au kiangazi cha katikati ya mwaka kwa anayeweza kuwakinga kuku na baridi.

Mikono ya jirani

Upare una msaragambo, kazi ya pamoja iliyochimba mifereji, iliyotengeneza barabara na iliyoinua madarasa. Msaragambo ni wa mambo ya wote, na banda la mtu mmoja halihitaji kijiji kizima. Lakini roho yake inatosha kumaliza tatizo hili. Jirani mmoja abebe mabanzi, mwingine ashike fito wakati mwenzake anapigilia, watoto waokote misumari. Kazi ya wiki mbili inaisha kwa siku tatu, na kuku hawajavuka mpaka wa nyumba yoyote. Atakayekuja kusaidia afue nguo na asafishe viatu kabla ya kuingia kwenye banda lake mwenyewe, kwa sababu kinyesi kilichoganda kwenye soli kinaweza kubeba ugonjwa kama kuku mwenyewe.

Banda jipya likikamilika, kuku wahamishwe tena usiku na wafungiwe humo siku nne hadi saba, wakilishwa na kunyweshwa ndani. Baada ya hapo, mlango ukifunguliwa asubuhi, jioni watarudi wenyewe.

Tundu la muda lisivunjwe. Lisafishwe, lipigwe chokaa, lisogezwe hatua kadhaa mbali na banda kubwa, na liwe karantini ya nyumba hiyo. Jogoo aliyenunuliwa mnadani akae humo wiki mbili kabla hajachanganywa na wengine. Mtetea anayekohoa atengwe humo. Vifaranga vya wiki za kwanza vilindwe humo dhidi ya mwewe. Kaya nyingi hazina chumba cha namna hiyo, na ndiyo sababu ugonjwa mmoja kutoka mnadani unamaliza kundi lililojengwa kwa miaka. Aliyejenga tundu la kuku kwa sababu ya shida ya wiki mbili amejipatia kinga ya miaka, kwa bei ya mabanzi machache na siku moja ya kazi.